Utepe Ulionyeshewa Mvua

Mwezi wa tisa mwaka wa sabini na tano, Lugembe alishuka kwenye treni ya Tabora akiwa amepakata mzigo uliofungwa ndani ya shuka la marehemu mama yake. Hakuuweka chini hata mara moja. Kwenye behewa mtu alimwambia autie chini ya benchi miguu ipate nafasi, akajibu, "Huu haukai chini." Wakamwacha.

Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha ambayo siku hizo ilikuwa imemshuka kidogo. Miaka kumi na miwili alikuwa mpishi wa padri mmoja Mzungu, na padri yule aliporudi kwao Ulaya alimwachia tepurekoda, mashine ya kunasia sauti, ile ya magurudumu mawili ya utepe inayotumia betri. Kitongoji kizima cha Itobela kilikuja kujisikia mle ndani. Wazee walicheka mpaka wakatokwa machozi waliposikia wanavyokohoa.

Aliulizia fundi wa redio, akaelekezwa kwenye duka lenye milango miwili, mmoja umefungwa kwa ubao. Fundi mwenyewe aliitwa Ghalibu bin Soud. Zamani baba yake aliuza vitambaa kwenye milango yote miwili. Vitambaa vilipoadimika, mwana alijifunza redio, akabaki na mlango mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Redio hiyo?"

"Siyo redio." Lugembe alifungua shuka taratibu. "Imekataa kuwaka, mwaka sasa. Ndani yake kuna maneno ya mama yangu."

Ghalibu alivaa miwani. Ganda la mashine lilikuwa limegandwa na tope jekundu pembeni. Alifungua skrubu nne, akainua kifuniko, akaguna. Maji ya betri yalikuwa yamevuja yakala waya, mkanda wa mpira umeyeyuka kama ulimbo, na mota imeshikana kwa kutu.

"Ilinyeshewa?"

"Siku tatu. Lori lilitushusha chini ya mti."

"Safari ya Operesheni?"

"Ya Operesheni."

Ghalibu alielewa. Tabora nzima ilijua mwaka uliopita watu walivyotolewa mashambani kwao kwa amri ya serikali wahamie vijiji vipya, wakapangwa kando ya reli na barabara kubwa, kila kaya na kigingi chake. Yeye mwenyewe alikuwa amewatengenezea redio wengi waliotoka huko. Redio zao zilikuja na tope lilelile.

"Mama yako yuko wapi sasa?"

"Alifariki siku ya tatu baada ya kuhama."

"Inna lillahi." Fundi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi dada yangu Thuraya alikwenda Maskati, yuko hai, barua haziji. Ningepata hata kikohozi chake ningeshukuru. Haya, niambie unatafuta nini humu, nijue pa kukazania."

Lugembe alisema neno moja: "Radhi."

Tuanze pale jambo lenyewe lilipoanzia.

Lugembe alikuwa balozi wa nyumba kumi pale Itobela. Alipoitwa pamoja na mabalozi wengine na kuelezwa kuwa wananchi watahamia kijiji kipya, yeye hakulazimishwa kukubali. Alikubali kwa moyo wake. Aliona shule, aliona zahanati, aliona bomba la maji. Aliahidi mbele ya wakubwa kwamba siku ikifika, saa sita mchana Itobela itakuwa tupu, na hapatakuwa na haja ya kuchoma paa la mtu ili atoke. Aliyasema hayo kwa fahari. Na kwa kweli, Itobela hapakuchomwa paa hata moja.

Asubuhi ya siku ile lori liliegeshwa ubavuni mwa nyumba yake, chini ya dirisha la chumba cha mama. Mama yake, Nyamizi, alikuwa ajuza wa miaka themanini au zaidi. Marehemu babake Nyamizi alikuwa mpagazi, aliyebeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo mara nne na kurudi hai mara zote nne. Nyamizi alikuwa amelala kitandani na hakuonyesha dalili ya kujiandaa.

"Lugembe," alimwambia kwa Kinyamwezi, "keti hapa. Nina maneno yangu na wewe."

"Mayu, lori linangoja. Leo jioni."

"Siyo ya jioni."

Ndipo Lugembe alipofanya jambo ambalo baadaye lilimnyima usingizi. Aliichukua tepurekoda, akaiweka juu ya kigoda karibu na kichwa cha mama, akabonyeza vitufe viwili, magurudumu yakaanza kuzunguka. "Sema yote, mayu. Hii inasikia. Nitakaa niyasikilize tukifika." Akatoka kwenda kuita majina.

Walipofika hapakuwa na shule, zahanati wala bomba. Palikuwa na vigingi. Mvua ya kwanza iliwakuta hivyohivyo, na ikanyesha siku tatu mfululizo. Nyamizi alitandikiwa chini ya mti, akafunikwa maturubai. Alikohoa damu, akakata roho alfajiri ya siku ya tatu. Jioni, Lugembe alipoifuata mashine, haikuwaka.

Kwenye matanga alimgeukia mkewe, Tekla, mbele ya waombolezaji.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye chumbani asubuhi ile. Alikuwa anakohoa damu tangu Itobela, sivyo? Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia," Tekla alisema.

"Lini?"

"Pale kwenye lori."

"Hukuniambia."

"Baba Kulwa, nilikuambia."

"Hukuniambia! Ungeniambia ningemhamisha mama yangu katika hali ile?"

Wazee walikaa. Wakapima neno la balozi na neno la mke aliyetoka kufiwa na mkwe, wakasema labda mwanamke aliogopa, na woga si dhambi, ila akiri tu yaishe. Tekla hakukiri. Kaka yake, Bundala, alikuja kutoka Kigwa akamchukua. Mapacha wao, Kulwa na Doto, walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima na kazi zao Mwanza, kwa hiyo hapakuwa na mtoto wa kuwarudisha wale wawili mezani pamoja.

Mwaka mzima Lugembe aliishi peke yake na mashine iliyokufa. Fikira moja ilimtafuna: huenda mama alinilaani mle ndani. Fikira nyingine ilimfariji: huenda alinibariki. Kati ya hizo mbili hakujua ailalie ipi.

Pale dukani Tabora, Ghalibu alihangaika na mashine siku mbili. Alikwangua kutu, akalehemu waya mpya, akakata mkanda kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Mota iligeuka mara moja, ikatoa moshi, ikanyamaza moja kwa moja.

"Basi," alisema. "Hii hairudi."

Lugembe alishika ukingo wa meza.

"Tulia, bwana. Nimesema mashine. Sauti haikai kwenye mota wala kwenye waya. Sauti iko kwenye utepe, na utepe tunaweza kuupeleka kwenye mashine nyingine. Shida ni kwamba utepe wenyewe umegandana kama tambi zilizolala."

Alichemsha maji akayaacha yapoe. Akalitumbukiza gurudumu la utepe humo, akaanza kuukunjua kidole kwa kidole, akiufuta tope kwa kipande cha melimeli, kitambaa laini chepesi. Akatundika kamba chumba cha nyuma, kivulini, utepe ukaning'inia huku na huku kama utumbo wa mnyama aliyechinjwa. Kazi hiyo ilichukua siku nne. Sehemu nyingine rangi ya kahawia ilibanduka ikabaki kwenye kitambaa.

"Hii iliyobanduka?" Lugembe aliuliza.

"Hiyo imekwenda."

"Na maneno yake?"

"Yamekwenda nayo. Sitakudanganya."

Pale mjini hapakuwa na mashine nyingine ya magurudumu ya kipimo kile. Ghalibu alikumbuka kwamba Padri Eustace, mwalimu wa seminari ya Kipalapala nje ya mji, aliwahi kumletea ya kwake kubadilishwa swichi. Hakukubali kumpa Lugembe utepe aende nao peke yake. Alifunga duka, akautia ndani ya bati la biskuti, wakaenda kwa baiskeli mbili, fundi mbele, mwenye mama nyuma.

Padri Eustace alikuwa Mhaya kijana, mpole, aliyekuwa akisahihisha mitihani. Alisikiliza habari yao yote amesimama. "Mashine ile hapo," akasema. "Mnataka niwaache?"

"Kaa, Padri," Lugembe alisema. "Kama ni laana, awepo padri."

Ghalibu aliuvisha utepe kwa mikono yote miwili, akabonyeza.

Kwanza ulitoka mvumo tu. Halafu kishindo cha kitu kama mlango. Halafu sauti ya ajuza, karibu kabisa, kana kwamba ameketi juu ya meza ya padri.

"Lugembe."

Lugembe aliinuka nusu kutoka kitini.

"Lugembe. Weye Lugembe, umekwenda wapi?" Kimya. Kikohozi kirefu. "Mimi siongei na sanduku. Njoo wewe. Lugembe!"

Aliita mara sita. Ghalibu, aliyezaliwa Tabora na kukijua Kinyamwezi tangu utotoni, aliinamisha kichwa. Padri hakuelewa lugha, lakini jina alilielewa.

Kisha mvumo ukameza kila kitu, pale ambapo utepe ulikuwa umebanduka. Walisubiri. Sauti iliporudi palikuwa na mtu mwingine chumbani, na Lugembe alimtambua kabla hajatamka neno la pili. Alikuwa Tekla.

"... damu hii, mayu! Tangu lini?"

"Futa. Futa asione. Baba yangu alinisimulia, mpagazi akianguka njiani huachiwa kibuyu cha maji pembeni, msafara unaendelea. Hawamkasirikii, naye hawakasirikii. Niachieni kibuyu hapa. Nendeni."

"Hakuna wa kukuacha, mayu."

"Basi usimwambie. Ameshatoa neno lake kwa wakubwa, wasije wakamwaibisha mwanangu mbele ya watu."

"Naenda kumwambia."

"Tekla!"

Nyayo. Mlango. Baada ya hapo sauti zilitoka mbali, kupitia dirishani, nyuma yake lori likinguruma. Ghalibu aliongeza sauti mpaka mwisho. Chombo kilikwaruza, lakini maneno yalisikika.

"Baba Kulwa, mama hawezi kupanda lori. Anatapika damu."

Na mwanamume, kwa sauti ya kuamrisha, akajibu: "Tekla, usiniletee maneno mbele ya watu. Kila mtu hapa ana mgonjwa. Mpakieni."

Zilifuata nyayo za watu wawili watatu, ajuza akiguna anapoinuliwa, kigoda kikiburutwa. Halafu ta! Kitufe. Lugembe alikijua kidole kilichobonyeza kitufe kile. Kilikuwa chake.

Magurudumu yaliendelea kuzunguka matupu. Padri Eustace aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni laana?"

"Hapana, Padri," Lugembe alisema. "Hakuniambia kitu. Aliniita tu."

Ghalibu alitaka kuurudisha utepe mwanzo, huenda kuna sehemu waliyoikosa. Lugembe alimshika mkono. "Nilimwambia mke wangu ni mwongo," alisema. "Kwenye matanga, mbele ya watu. Na nilikuwa ninaamini. Naapa nilikuwa ninaamini."

Hakurudi kijijini. Alipanda treni mpaka Kigwa, akamkuta Tekla uani kwa kaka yake akitwanga. Tekla hakusimamisha mchi. Lugembe alimsimulia amesimama, jua la saa nane likimchoma kichwa, kwa kuwa hakuna aliyempa kiti. Bundala alikuwa mlangoni, mikono kifuani.

Alipomaliza, Tekla alitwanga mara nne tano zaidi, kisha akauegemeza mchi ukutani.

"Kwa hiyo limesema sanduku, ndiyo umeamini."

"Tekla..."

"Mimi nilikuwa na mdomo. Nilisema kwenye lori, nikasema kwenye matanga, nikasema mbele ya wazee. Mara tatu. Sanduku limesema mara moja."

"Nimekosa. Nirudie."

"Ulinivua nguo mbele ya watu, unakuja kunivika huku uani kwa kaka yangu?" Akauchukua tena mchi. "Nenda kaseme palepale uliposemea. Nitakuja nisikie. Nikishasikia, nitajua."

Mkutano wa kijiji ulikaa Jumamosi iliyofuata, kwenye ghala ambalo lilikuwa na kuta lakini bado halina paa. Walizungumzia mbegu za pamba, walizungumzia unga wa njano uliochelewa. Katibu alipofika kwenye mengineyo, Lugembe alinyosha mkono. Tekla alikuwa amekaa nyuma kabisa na Bundala.

Alisema yote. Hakujipunguzia. Aliwaambia alivyomwachia mama mashine badala ya masikio yake, alivyoambiwa na mkewe, alivyojibu, na alivyomfanya mwongo. Alirudia maneno yake kama yalivyotoka kwenye utepe: usiniletee maneno mbele ya watu, kila mtu hapa ana mgonjwa, mpakieni.

Katibu aligonga meza kwa kalamu. "Ndugu Lugembe, mambo ya nyumbani yasije yakageuzwa kulaumu Operesheni."

"Silaumu Operesheni. Ninasema niliyoyasema mimi."

Lugembe alidhani amemaliza, na kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alihisi kifua kinapata hewa. Ndipo akasimama Marcelina, mwanamke wa nyumba ya nane katika zile kumi za Itobela. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni.

"Na mimi je?" alisema.

Lugembe alimgeukia.

"Mimi nilikuambia kuhusu mwanangu. Ngollo wangu, miaka mitatu, alikuwa na surua, mwili unawaka. Nilikuambia palepale kwenye lori, niache siku mbili tu apoe. Ukasema, 'Panda, hospitali iko huko.' Nimekuzikia mama yako, balozi. Wiki ileile nikamzika mwanangu. Hujapata kunitajia jina lake."

Lugembe aliitafuta siku ile kichwani mwake. Aliliona lori. Aliona vumbi, kuku waliofungwa miguu, wakubwa wakitazama saa. Alimtafuta Marcelina katikati ya wale watu, akamkosa. Na safari hii hapakuwa na utepe wowote wa kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa, wala fundi wa kuukunjua.

"Sikumbuki, Marcelina," alisema mwishowe. "Lakini nakuamini."

"Sitaki uniamini," Marcelina alijibu. "Nataka ukumbuke."

Akaketi. Baada yake alisimama mzee mmoja, akasema habari za mkewe. Baada ya mzee, mwingine. Katibu alifunga mkutano kabla wa nne hajainuka.

Mwezi haukwisha, Lugembe alivuliwa ubalozi. Alielezwa ni kwa sababu amechoka, naye hakubisha. Watu wengine waliacha kumsalimu. Wengine walimsalimu kwa namna ambayo ingekuwa afadhali wasingemsalimu.

Tekla hakupanda treni ya kurudi Kigwa siku ya mkutano. Alikwenda nyumbani kwa Marcelina, akakaa huko siku tatu. Siku ya nne aliingia kwa Lugembe na furushi lake, akalitua.

"Nimerudi," alisema. "Usinishukuru. Na usiniulize tumezungumza nini."

Waliishi hivyo. Walilima pamoja, walikula pamoja, lakini kulikuwa na mambo ambayo Tekla alikuwa akianza kuyasema kisha akayaacha, na Lugembe alijifunza kungoja badala ya kumkatiza. Mara nyingine alingoja siku nzima, na neno lisije.

Kazi aliyojipa ilikuwa ile aliyopewa na Marcelina. Alimwendea kila aliyepanda lori lile. Nilisimama wapi? Marcelina alisimama wapi? Alivaa nini? Wengi walimwona kama mtu aliyeguswa akili. Mmoja alimwambia Marcelina alivaa kaniki. Mwingine akasema mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande wa kushoto. Lugembe alizibeba habari hizo shambani, akazigeuza na kuzigeuza huku akipalilia karanga, na kwa muda mrefu zilikuwa habari za watu wengine, si zake.

Ilimjia mwaka wa sabini na saba, wakati wa palizi, bila kutafutwa. Aliacha jembe kwenye tuta akaenda kwa Marcelina na udongo wake mikononi. Alimkuta anaanika mihogo.

"Nilikuwa naandika majina," alisema, hata hajapiga hodi. "Ulikuja ubavuni kwangu, mtoto mgongoni. Ulikuwa unaniambia kitu nami sikuinua macho. Mtoto alinyosha mkono akashika penseli yangu. Mkono wake ulikuwa wa moto. Nilihisi ulivyo wa moto, Marcelina. Nikaichomoa penseli, kwa kuwa nilikuwa katikati ya kuhesabu."

Marcelina aliinama akauweka chini muhogo aliokuwa ameushika. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelowa, wala hakuufuta.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa anapenda kushika vitu. Huyo ndiye Ngollo."